Mtaro wa zege unaodumu: maana yake katika ujenzi unaojali mazingira

Mtaro wa zege unaodumu ni njia ya maji ya mvua au maji machafu iliyojengwa ikae miongo mingi bila kubomolewa. Humo mna mitaro ya wazi, makaravati na mashimo ya ukaguzi.

Mazingira yanaingiaje hapa? Simenti hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Mtaro ukipasuka baada ya misimu miwili ya mvua, uchafuzi huo unarudiwa, na mchanga mwingine unachimbwa kwenye ardhi oevu kama ile ya Lwera nchini Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka.

Adui mkubwa wa zege ni maji ya kuchanganyia yakizidi. Fundi huongeza ndoo ili kazi iwe nyepesi. Maji hayo yakishakauka huacha vitundu, uchafu hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, zege linapasuka. Baada ya kumwagwa, zege lifunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiliwa siku 7 angalau. Hapo mwenye nyumba asibanduke saiti! Simenti yenye pozolana, yaani majivu ya volkano, inauzwa Uganda. Utengenezaji wake unahitaji uchomaji mdogo, nayo hustahimili kemikali za maji machafu vizuri zaidi, ila hukomaa polepole, kwa hiyo ipewe siku nyingi zaidi za kumwagiliwa. Mteremko nao uwe kama sentimita 1 kwa kila mita, tope lisitulie.

Hata hivyo, mtaro imara peke yake unaweza kumwumiza jirani. Kampala ni mji wa vilima, na maji yanayokimbizwa kutoka juu huwafurikia watu wa Bwaise na Kalerwe. Mengine hupita mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya mji huo huo. Ndiyo maana mradi wa kweli wa kijani hupunguza kwanza maji yanayofika mtaroni: tangi chini ya paa, uani matofali yanayopitisha maji, shimo la kokoto la kunyonya yanayobaki. Kinachozidi ndicho kiende kwenye zege, kikipita wavu wa chuma unaonasa chupa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na wavu huo usafishwe kabla ya mvua za Machi.