Polifonia si wingi wa watu

Juzi harusini mshereheshaji aliikaribisha kwaya ya watu kama sitini, akasema kwa fahari, "Sasa mtasikia polifonia, sauti sitini!" Kwaya ikaimba pambio zuri sana, wote kwa tuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Polifonia ni uimbaji ambamo tuni mbili au zaidi zinakwenda kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake. Watu wawili wanatosha.

Kinachotuchanganya ni neno letu lenyewe, "sauti". Sauti ni ile itokayo kooni, na kila mtu anayo yake. Lakini mwalimu wa kwaya akisema "sauti ya pili njooni huku", hazungumzii koo la mtu, anazungumzia njia ya wimbo. Polifonia limetoka kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyingi" na "sauti" (mkia wake ndio huohuo ulio kwenye maikrofoni na saksafoni), na sauti inayohesabiwa humo ni hii ya mwalimu wa kwaya.

Waulize Wageorgia, watu wa milima ya Kaukazi, ambao uimbaji wao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001. Wao wana neno lao, mravalkhmianoba: mravali ni nyingi, khma ni sauti. Mravali hiyohiyo ndiyo inayoanza Mravalzhamier, wimbo wa karamuni wa kutakiana miaka mingi. Na kila sauti wameipa jina kwa kazi yake. Mtkmeli ni msemaji, ndiye anayeanza na maneno. Modzakhili ni mwitaji, anayeingia baada yake. Bani ni ile nzito ya chini.

Sasa hesabu nao. Kakheti, mashariki, mezani wanaweza kuwa wanaume ishirini: wawili wanapokezana huko juu, kila mmoja peke yake, na waliobaki wote wanavuta bani moja ndefu. Hizo ni sauti tatu. Nenda Guria, magharibi, utakuta watu watatu tu, kila mmoja na njia yake, na mmoja wao akipiga krimanchuli, sauti nyembamba inayorukaruka kati ya kifua na kichwa. Nazo ni tatu.

Kanisani pia ni tatu, ila huko usiseme simghera, yaani wimbo. Sema galoba, uimbaji wa ibada. Ioane Petritsi, mwanafalsafa wa karne ya 12, alizitaja sauti tatu, mzakhr, zhir na bam, akazilinganisha na Utatu Mtakatifu. Mfano huo hausimami kama sauti ni idadi ya waimbaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Artem Erkomaishvili, mzee wa Guria. Mwaka 1966, akikaribia miaka 80, alialikwa kwenye chuo cha muziki cha Tbilisi arekodi galoba alizozijua. Miongo ya utawala wa Kisovieti ilikuwa imezifukuza makanisani, na hapakuwa na wa kumshikia sauti nyingine. Basi akaimba ya kwanza, ikanaswa kwenye utepe. Wakampigia utepe ule, naye akaimba ya pili juu yake huku mashine nyingine ikirekodi. Kisha wakampigia zote mbili, akaweka bani. Alifanya hivyo kwa galoba karibu mia moja, na mwaka uliofuata alifariki. Ukizisikiliza leo unasikia koo moja la mzee, na polifonia kamili.

Ndugu mshereheshaji, sikutaka kukukatiza mbele ya maharusi, na kwaya yako iliimba vizuri. Siku nyingine waite kwaya ya watu sitini, na hilo ni jambo la kujivunia. Wakigawana njia, ndipo useme polifonia, na uhesabu njia.