Kukaa darasani si kujua kusoma

Shule ya umma ikitoa matokeo mabovu, lawama huwaangukia watoto: wavivu, simu zimewaharibu, wazazi nao hawajali. Maelezo mepesi mno hayo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi wakaielewa. Mwaka 2022, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, makadirio yalifika asilimia 70. Wengi wao wameandikishwa shule. Uvivu gani huo wa dunia nzima?

Chukua darasa la kwanza lenye watoto 80 na vitabu 10. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linaitikia. Anayepita dirishani atadhani wanasoma. Sasa mwite mmoja, funika picha, mwonyeshe neno lilelile ndani ya sentensi nyingine: kimya. Amekariri sauti, herufi hazijui. Dawa ni kumsikiliza kila mtoto peke yake, lakini kipindi cha dakika 40 kinampa kila mmoja nusu dakika.

Mwenye uwezo hulipia masomo ya ziada. Asiye nacho hubaki na hiyo nusu dakika, na miaka miwili baadaye sayansi na historia zote zinamshinda kwa sababu hawezi kusoma kitabu chake.

Shule hizi zinahitaji pesa zaidi. Kweli, pesa peke yake haitoshi. Ikiishia kwenye geti na rangi ya ukuta, msomaji haongezeki. Ikinunua vitabu na kuongeza walimu wa madarasa ya chini, huongezeka.