Algoriti sio kila hatua ulizozipanga

Jamani neno algoriti tunalionea. Juzi tena nimemsikia mtu anawafundisha wenzake "algoriti ya kutatua swali lolote", soma swali ulielewe, panga njia, itekeleze, rudi uhakiki. Hatua nzuri sana hizo na zina mwenyewe, mwanahisabati George Pólya alizitoa 1945, ila sio algoriti.

Algoriti ni hatua zilizo wazi kabisa, zina mwisho, na hata anayezifuata asiyejua anachofanya anafika kwenye jibu. Kama ile ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya kutafuta KKS (namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila kubaki) ya 48 na 18: gawa 48 kwa 18 kinabaki 12, gawa 18 kwa 12 kinabaki 6, gawa 12 kwa 6 haibaki kitu, basi jibu ni 6. Hakuna pa kuumiza kichwa, ndo maana kompyuta inaiweza.

Sasa niambie "panga njia" unaipangaje? Kazi yote iko hapo, na hakuna hatua inayokuonyesha. Hatua za namna hiyo, zinazokuongoza kutafuta bila kukuhakikishia jibu, zinaitwa hyuristiki, na Pólya mwenyewe ndo alivyoziita. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kigiriki cha kupata au kugundua, kilekile cha "eureka" anayosemekana Archimedes alipiga kelele, yaani "nimepata!". Jina lenyewe linakwambia ni habari ya kutafuta.

Algoriti wala halikuanza kama neno la hatua, ni jina la mtu. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, yaani mtu wa Khwarazm (eneo la Asia ya Kati), alifanya kazi Baghdad karne ya 9, akaandika kwa Kiarabu jinsi ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi (pamoja na sifuri, neno ambalo na sisi tumelitoa kwenye Kiarabu hichohicho), kitabu kikatafsiriwa Kilatini jina likawa Algoritmi, na baadaye watu wakalichukua kama jina la ule uhesabuji wenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo lilihusu kazi ya kufuata kanuni mpaka jibu litoke, sio kubuni njia.

Wewe unayefundisha zile nne endelea nazo, zinasaidia kweli kwenye hesabu na kwenye kuandika programu za kompyuta, ila ziite mbinu au mwongozo. Ukimwambia mwanafunzi ni algoriti, siku akikwama kwenye ya pili atadhani kuna hatua ameiruka, kumbe amefika palepale ambapo kila mtu inabidi akae atafute.