Je, wajua kwa nini sheria hulifuta jina la kiongozi na kuliacha tangazo?

Gari jipya la wagonjwa limenunuliwa kwa kodi. Ubavuni limeandikwa "Kwa hisani ya Mheshimiwa" fulani, na sura yake inatabasamu juu ya gurudumu la nyuma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa hapo, kama lipo, ni moja kati ya mawili: ama uongo, kwa kuwa hisani haikuwa yake, ama ubadhirifu, kwa kuwa rangi na stika hugharimu fedha. Nilikosea kotekote.

Tuanze na gharama. Kuandika jina kwenye gari ni fedha kidogo mno ukilinganisha na bei ya gari lenyewe. Mkaguzi wa hesabu atakayetafuta ubadhirifu kwenye stika atatoka mikono mitupu. Uongo nao haufafanui jambo. Futa maneno "kwa hisani ya", andika "Lilinunuliwa Mheshimiwa fulani akiwa mbunge". Sasa kila neno ni kweli, lakini ziko nchi ambazo sheria zake bado zingelikataa.

Katiba ya Brazil ya 1988, katika ibara ya 37, inataka matangazo ya kazi za serikali yawe ya kuelimisha, kuarifu au kuelekeza jamii, na yasibebe majina, alama wala picha za kumkweza kiongozi binafsi. Meksiko iliingiza katazo kama hilo katika ibara ya 134 ya katiba yake mwaka 2007. Katazo hilo halisubiri sifa zithibitishwe kuwa za uongo. Tangazo la chanjo lina ruhusa ya kutoka, na ni vizuri litoke. Sura ya waziri ndiyo isiyotakiwa kuwemo.

Kwa nini basi jina na sura, hata pasipo uongo? Jibu liko kwenye mazoea. Fikiria njia unayopita kila asubuhi. Kuna mtu hukaa kwenye kibaraza kimoja, hamjawahi kusemezana. Wiki ya kwanza humwoni, mwezi wa pili unamtambua, mwezi wa tatu unamsalimia. Siku ukikwama hapo ukahitaji wa kukushikia mzigo, kati ya watu ishirini utamwendea yeye. Hujui kama ni mwaminifu. Unachojua ni kwamba umemwona mara nyingi, na akili yako imeshakubadilishia "nimemwona" kuwa "namfahamu". Jirani wa mtaa wa pili huenda ni mwaminifu kuliko yeye, ila hana kibaraza kwenye njia yako.

Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilionyesha jambo hili mwaka 1968 kwa maneno yasiyo na maana yoyote: kadiri watu walivyoonyeshwa neno mara nyingi zaidi, ndivyo walivyolihisi kuwa zuri zaidi. Mwaka 2013 Cindy Kam na Elizabeth Zechmeister wa Marekani walichapisha utafiti uliohusu majina ya wagombea. Katika sehemu moja ya utafiti huo, vibao vyenye jina la mtu wa kubuni viliwekwa kando ya barabara, kisha wazazi wa shule ya jirani wakaulizwa wangemuunga mkono nani. Waliopita njia ile walielekea zaidi kumtaja mtu asiyekuwepo. Si kwamba kibao kiliwafanya wampende. Watafiti hao wanaeleza kwamba mtu akilitambua jina hudhani mwenye jina anaweza kushinda. Tahadhari inahitajika, maana jina la kubuni halina chama wala rekodi, na kiongozi halisi anavyo vyote viwili. Nguvu ya jina lake peke yake ni ngumu kuipima.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ndiyo iliyonipotosha, kwa kuwa nilidhani kazi nzuri itajulikana tu na stika haiongezi kitu. Lakini kinachotembezwa sana huuzika hata kabla mtu hajakikagua. Na katika kisa chetu, anayelipia kutembezwa huko ni mlipa kodi, akiwemo yule anayetaka kugombea dhidi ya mwenye picha. Analipia kibaraza cha mpinzani wake. Dhuluma iko hapo, na haipungui hata stika ikiwa ya bei rahisi.

Ndiyo maana sheria hizi hupima umbo, hazipimi nia. California iliweka mwaka 1988 katazo la barua za jumla za viongozi wa kuchaguliwa zinazotumwa kwa gharama ya umma, na kanuni zake huanza kubana nakala zinazofanana zikizidi 200 kwa mwezi. Jina la kiongozi linaweza kubaki kwenye kichwa cha karatasi, mradi liwe na aina ya herufi, ukubwa na rangi sawa na majina ya wenzake waliomo. Ni kipimo unachoweza kukikagua kwa rula, na nakipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba mstari ukishachorwa huanza kuvutwa. Tarehe 13 Mei 2015 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu viongozi watatu tu walio madarakani kuonekana kwenye matangazo ya serikali: Rais, Waziri Mkuu na Jaji Mkuu. Machi 2016 ikakubali pia magavana, mawaziri wakuu wa majimbo na mawaziri wengine. Na umbo lenyewe halina mwisho. Kabla ya uchaguzi wa jimbo la Uttar Pradesh mwaka 2012, Tume ya Uchaguzi iliagiza sanamu za kiongozi wa jimbo, Mayawati, zifunikwe, pamoja na sanamu za tembo zilizojengwa kwa fedha za umma, kwa kuwa tembo ni nembo ya chama chake. Tembo mkubwa wa mawe aliyefungwa turubai bado anaonekana kuwa tembo.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na gari kama lile narudi kwenye neno la katiba ya Brazil, "kuarifu", na kuutazama ubavu wake upya. Nafasi iliyopo ni ndogo. Jina la mheshimiwa limeikalia yote, na namba ya simu ya kuliita gari haipo.