Kutoka fulana hadi karatasi: yanayodhaniwa na yalivyo

Mteja akishalipia fulana za hafla yake, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Na kadi za mwaliko je, mnachapa?" Mwenye duka la nguo za oda huona pesa ikitoka mlangoni, naye huanza kuwaza karatasi. Ni wazo zuri, ila sababu anazojipa mara nyingi sizo. Kinachovuka naye kutoka kwenye nguo ni mteja na nembo yake. Mashine, wino na mazoea ya kupanga bei hubaki ng'ambo.

Dhana: "Printa si tayari ninayo?"

Hii huwapata zaidi wanaofanya sablimesheni, yaani kuhamishia picha kutoka karatasi hadi kwenye nguo kwa joto, kwa kuwa printa yao humeza karatasi kutwa nzima. Karatasi ile ni ya kupitishia tu. Wino wake ukiwa juu ya karatasi huonekana umepauka, na rangi yenyewe hutoka ukipata joto la nyuzijoto 180 hadi 210 hivi, unapogeuka mvuke na kuingia ndani ya poliesta. Kadi ya mwaliko haina poliesta. Ukichapa nayo utapata kazi iliyofifia, na mteja atadhani umeishiwa wino.

Mashine ya DTF nayo ni vivyo hivyo. Imeundwa kuchapa kwenye filamu ambayo baadaye hubandikwa kwenye nguo kwa joto, ikiweka wino mweupe nyuma ya rangi ili picha ionekane hata kwenye fulana nyeusi. Iache ifanye kazi yake.

Ukinunua printa ya karatasi, itafutie chumba chake au angalau kona yenye kizuizi. Vumbi la pamba, unga wa gundi wa DTF na ukungu wa dawa ya kupulizia nguo hutua kwenye roli zinazovuta karatasi, kisha karatasi zinaanza kukwama na kutoka na madoa. Jambo jingine ni umeme: printa ya leza huvuta mwingi inapopasha joto, na mashine ya kubana nguo kwa joto nayo huvuta mwingi. Usizichomeke kwenye soketi moja.

Dhana: "Karatasi ni karatasi"

Anayeuza fulana anajua tofauti ya pamba na poliesta kwa kugusa tu. Karatasi zinahitaji ujuzi kama huo, na kipimo cha kwanza ni gramu, yaani uzito wa mita moja ya mraba. Ya ofisini huwa gramu 80, vipeperushi vizuri huanzia 130 hadi 170, kadi za biashara 300 hadi 350. Kabla ya kununua printa, uliza inapitisha gramu ngapi mwisho. Nyingi za ofisini hukwama kwenye karatasi ya kadi, na kadi ndizo utakazoulizwa kwanza.

Ziko pia karatasi za kung'aa zilizopakwa tabaka maalumu kwa ajili ya printa za wino wa maji. Ukiipitisha moja kwenye printa ya leza, tabaka lile linaweza kuyeyuka na kuganda kwenye roli ya joto, na fundi ndiye atakayekula faida ya mwezi. Soma pakiti.

Bakisha karatasi ndani ya pakiti yake hadi siku ya kazi. Ikinyonya unyevu hujikunja pembeni, na iliyojikunja haipiti vizuri.

Dhana: "Dizaini iliyokubali kwenye nguo itakubali popote"

Hapa ndipo wachapaji wa nguo wengi huaibika, na kosa si la macho yao. Fulana hutazamwa kutoka hatua mbili tatu, na nyuzi za kitambaa huficha mengi. Kadi hushikwa mkononi, karibu na uso. Picha iliyotumwa kwa simu, ikabanwa njiani, inaweza kupendeza kifuani ikaonekana ukungu kwenye kipeperushi. Kipimo kinachotumika ni nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo kipeperushi cha A5 kinataka picha ya pikseli 1748 kwa 2480 hivi. Nembo iombe katika faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali. Mteja asipokuwa nalo, ichore upya na umtoze kazi hiyo.

Weupe nao ni jambo geni. Kwenye DTF nyeupe ni wino, lakini printa nyingi za karatasi hazina wino mweupe kabisa. Weupe ni karatasi yenyewe. Mteja anayetaka maandishi meupe juu ya kadi nyeusi lazima achapiwe weusi wote kuzunguka herufi, au atafutiwe mashine yenye tona (wino wa unga wa printa ya leza) nyeupe.

Halafu kuna ukingo. Kama rangi inafika mwisho wa karatasi, dizaini iendelee milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na maandishi yakae ndani kwa kiasi hicho hicho au zaidi. Fulana haikatwi baada ya kuchapwa, ndiyo maana mtu wa nguo husahau hili. Kisu kikisogea kidogo tu, kadi hutoka na utepe mweupe upande mmoja, na utepe huo mteja atauona kabla hajaliona jina lake.

Dhana: "Pesa iko kwenye kuchapa"

Chukua kadi 100 za milimita 85 kwa 55. Karatasi moja ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450, hutoa kadi 21 pamoja na ile ziada ya pembeni, kwa hiyo unachapa karatasi tano tu. Kisha unakata. Hata ukizirundika vizuri utapiga mikato 20, na kila mmoja ukienda mrama unaharibu rundo zima. Muda uko huko. Kwenye vijitabu kuna kukunja na kupiga pini katikati, na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kwenye karatasi nzito kuna kupiga mkunjo kwanza, la sivyo tona hupasuka kwenye pindo. Anayetoza uchapaji peke yake anafanya nusu ya kazi bure. Mimi ningenunua kikatio kizuri kabla ya printa nzuri.

Dhana: "Tona ya kurasa 10,000 hutoa kurasa 10,000"

Namba hiyo hupimwa kwa kurasa ambazo kila rangi inafunika takriban asilimia 5 ya karatasi, kama barua yenye mistari michache. Kipeperushi ambacho rangi moja imefunika nusu ya ukurasa huila tona ya rangi hiyo mara kumi zaidi, na kurasa zinabaki kama 1,000. Panga bei kwa kazi unazochapa wewe.

Dhana: "Huwezi kuanza bila mashine kubwa"

Unaweza kuanza bila mashine yoyote. Chukua oda, andaa faili, peleka kwa mchapaji mwenye mitambo, weka faida yako juu. Oda kubwa zitakwenda huko hata ukishanunua printa: ofseti, yaani mitambo mikubwa ya kuchapa kwa mabamba, huhitaji bamba kwa kila rangi na karatasi kadhaa za kurekebishia kabla ya nakala ya kwanza nzuri, hivyo hailipi kwa nakala 50 lakini kwa maelfu huishinda printa ya dijitali. Anza na bidhaa zinazoongozana na nguo zako mwenyewe, kama lebo za kuning'inia, kadi za shukrani na stika za mifuko. Ukishaona ni kazi gani inarudi kila wiki, ndipo ununue mashine ya kazi hiyo.

Dhana: "Kosa la karatasi ni dogo, nguo ndiyo ghali"

Malighafi ni rahisi, kweli. Ila fulana ina maneno matano. Ratiba ya hafla ina majina ya watu, vyeo, saa na namba za simu. Chapa nakala moja ya kuonyesha, mteja aisome yote na athibitishe kwa maandishi kabla hujaendelea. Usikubali "we chapa tu" ya kwenye simu.

Fulana iliyochelewa bado itavaliwa. Ratiba iliyochelewa ni taka. Kwa kazi zenye tarehe, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya hafla: siku ya kukabidhi, ya kukata, ya kuchapa, ya kuthibitisha, na moja ya akiba kwa sababu umeme utakatika au jina la mgeni rasmi litabadilika. Mteja akileta maandishi baada ya hapo, mwambie mapema kinachowezekana: ukurasa mmoja usiokunjwa, rangi moja, bila laminesheni (utando wa plastiki wa juu).