Sabufa ya kujengea sebuleni: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Mwambie mtu wa Isevya unataka kujengea sabufa sebuleni, atakuuliza kama ina bluutuzi na sehemu ya flashi. Kwetu neno hilo limeshakuwa jina la redio nzima, boksi kubwa na vispika vyake. Sabufa ninayoisema hapa ni spika moja ya sauti nzito tu, kwa kawaida kuanzia hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kushuka chini. Sauti za juu zina spika zake.

“Besi haina upande, weka popote.”

Nusu ya maneno haya ni kweli. Sauti ikishuka chini ya hezi 80, sikio hupata tabu kujua inatokea wapi. Tatizo ni chumba. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, refu kuliko sebule zetu nyingi. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja; pengine yanaongezana, pengine yanafutana. Sebule yenye urefu wa mita 5 huvimbisha sauti ya hezi 34 hivi kwenye kuta zake mbili za mwisho, na katikati sauti hiyohiyo inafifia kabisa. Na kochi kubwa kwa kawaida tunaliweka wapi?

Yalimkuta shemeji yangu. Fundi alishamaliza kabati la TV, tundu la sabufa likiwa katikati kabisa, limepimwa kwa futi kamba. Mwenyewe yuko kwenye kochi anaongeza sauti, hasikii kitu cha maana. Dada yangu jikoni anapiga kelele kwamba sufuria zinalia rafuni.

Tulifanya nini? Tuliitoa sabufa tunduni, tukaipandisha kwenye kochi, pale anapokaa yeye. Tukaweka wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, kisha shemeji akatambaa kwa magoti kandokando ya kuta, sikio karibu na sakafu, watoto wakicheka. Pale ambapo kila noti ilisikika kwa nguvu ileile, tukachora alama kwa chaki. Ilikuwa karibu na mlango, mbali na TV. Zoezi hili hufanywa kabla seremala hajakata mbao.

“Nitaitoboa ukutani kama kwenye video.”

Video nyingi za namna hiyo ni za Marekani. Huko kuta za ndani aghalabu ni fremu ya mbao iliyofunikwa jipsamu, na katikati kuna uwazi. Ukuta wako ni tofali la saruji la inchi 6. Ukichimba humo unabaki na ganda tu. Jengea kwenye kabati, au kwenye kijichumba cha tofali kinachotokeza mbele ya ukuta. Paipu ya waya ipitishwe kabla ya plasta. Na amplifaya iachiwe nafasi ya kupumua, maana mwezi wa kumi hapa Tabora hata binadamu hapumui.

“Boksi la mninga ndilo lenye sauti.”

Mninga naupenda, na kwa mbao ngumu umetulia vizuri. Ila boksi la sabufa halitakiwi kuwa na sauti yake. Linatakiwa ligome kutikisika na lisivujishe hewa kwenye maungio. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18 yenye mihimili ndani, gundi kila kona, inafanya kazi hiyo kwa pesa kidogo. Mninga uupake vanishi, uwe urembo wa nje.

“Wati 10,000!”

Soma vizuri: imeandikwa PMPO, hesabu isiyo na kipimo kinachokubalika. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo. Na hata hizo, ukizifanya mara mbili sauti inaongezeka kwa desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio.

Trei za mayai ukutani? Hazizuii besi. Zinakusanya vumbi.

Sabufa ya shemeji iko mlangoni hadi leo. Lile tundu la kabati wanawekea chupa za chai.