Stahiki si hisani

Juzi nimelisikia tena neno stahiki likitumiwa vibaya, kwenye mapokezi ya hoteli. Mgeni aliyenitangulia, kadi ya platinamu mkononi, alikuwa anagomba kwamba amenyimwa "stahiki" yake ya kupandishwa chumba, yaani kupewa kizuri kuliko alicholipia. Nilinyamaza, maana foleni si darasa.

Stahiki ni kitu ambacho ukikidai, unayemdai hana budi kukitoa. Hisani ni kitu anachokupa kwa kupenda, na akiacha kukupa hajakukosea. Maana ni hiyo tu, na sidhani kuna asiyeijua; tatizo ni kwamba tukishika kadi tunaisahau.

Maneno yenyewe yanajieleza. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. Stahiki ni ya ukoo mmoja na haki. (Stahili, tunayoichanganya nayo kila siku, ina mzizi mwingine, ule wa ahali, na inahusu kufaa zaidi kuliko kudai.) Hisani ni ndugu wa asante, ambayo asili yake ni kumwambia mtu "umefanya vyema". Ndiyo maana hisani hujibiwa kwa asante. Mshahara hatuushukuru hivyo; tunauhesabu kwanza.

Sasa soma masharti ya hizi programu za wageni wa kudumu, ambazo kampuni za hoteli huwatuza kwazo wanaolala kwao mara kwa mara. Katika Marriott Bonvoy, programu ya hoteli za Marriott, daraja la Platinum hupatikana kwa kulala usiku 50 katika mwaka. Ukilifikia, kuchelewa kuondoka chumbani hadi saa kumi jioni ni ahadi, isipokuwa kwenye hoteli za mapumziko na za mikutano, ambako huangaliwa kwanza kama kuna nafasi. Kupandishwa chumba kunategemea nafasi kila mahali. Kifungua kinywa kinategemea jina lililo mlangoni: kwenye Ritz-Carlton, jina mojawapo la Marriott, hakimo kabisa. Hilton nayo, katika hoteli zake nyingi za Marekani, tangu 2021 huwapa wageni wa madaraja yake ya Gold na Diamond kiasi cha fedha cha kutumia kwa chakula na vinywaji badala ya kifungua kinywa chenyewe. Orodha moja, kadi moja, na ndani yake stahiki na hisani zimepangwa bega kwa bega chini ya kichwa kimoja cha habari. Mgeni atajuaje?

Na "nafasi" ni nani anayeipima? Hapo ndipo penye uchungu wote. Kampuni yenye jina mara nyingi si mwenye jengo. Kadi imetolewa na mwenye jina. Chumba kizuri ni cha mwenye jengo, ambaye angependa kukiuza hata saa tatu usiku. Kwa hiyo hoteli moja itakupandisha bila kuomba, na ya pili itakuambia vimejaa huku simu yako inavionyesha vinauzwa. Inaudhi, nami imeniudhi mara nyingi. Lakini pale masharti yanaposema "ikiwa nafasi ipo" na kumwachia mwenye jengo aamue nafasi ni nini, ulichoahidiwa ni hisani iliyovikwa joho la stahiki.

Hata platinamu yenyewe, kama tuko kwenye asili za maneno, ni Kihispania: "fedha ndogo", yaani fedha ya madini, si pesa. Wahispania waliokuwa wakitafuta dhahabu Amerika ya Kusini waliiona uchafu wa kuwasumbua.

Basi, ndugu yangu wa foleni, ukinyimwa saa kumi jioni kwenye hoteli isiyo ya mapumziko wala ya mikutano, sema stahiki, tena kwa sauti. Chumba cha juu sema tu hawakukupa. Na wewe dada wa mapokezi, kifungua kinywa kilichoandikwa kwenye masharti usinikabidhi ukisema "leo tumekufanyia hisani". Nitasema asante, kwa adabu tu.